Mwandishi wa Habari za Kagoma

Damian Ndyamukama alianza kuandika kwa sababu watu wake walikuwa wanasahau kusoma.

Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi kama wenzake wote wa Kagoma, ila yeye alifika darasa la nane kabla baba yake hajafariki na kumwachia kibanja, shamba lake la migomba na kahawa. Kwa hiyo kisomo cha watu wazima kilipoingia, mwaka wa sabini na moja, hapakuwa na ubishi juu ya nani awe mwalimu. Walisomea kwenye baraza ya ghala la chama cha ushirika, alasiri, watu wakitoka shamba. Kina mama walikuja na watoto mgongoni. Wanaume walikuja wachache, wakakaa nyuma, karibu na pa kutokea.

Kitabu cha kwanza kiliisha, cha pili hakikuletwa. Haukupita muda mrefu, Damian akaona kwamba mtu aliyekuwa anasoma mstari mzima sasa anakwama kwenye neno moja. Ndipo siku moja, bila kupanga, akaandika ubaoni: "Ng'ombe wa Ta Kagaruki amezaa pacha." Ilikuwa kweli, imetokea asubuhi ile. Darasa zima likasoma mpaka mwisho. Kesho yake mzee Kagaruki mwenyewe, ambaye hata hakuwa mwanafunzi, akaja kuuliza kama ni kweli ng'ombe wake yuko ubaoni.

Basi ikawa hivyo. Nani kapata mjukuu, daraja la kijito limeoza wapi, kahawa ya nani imekauka vizuri. Watu waliwahi darasani ili wajue kama leo wameandikwa wao.

Aliyewahi kuliko wote alikuwa mjane mmoja, Ma Anatolia Kokubanza, aliyeishi ng'ambo ya kijito. Huyu kalamu aliishika kama panga, na chaki ilimvunjikia mkononi kila alipoitwa mbele. Damian alimuuliza kwa nini anajitesa hivyo kwa umri wake.

"Kuna msalaba kwenye kaburi la marehemu mume wangu, pale kibanjani," alisema. "Umeandikwa jina lake. Nimeambiwa ni lake. Nataka nisome mwenyewe."

Siku aliyoweza kulisoma alikuja darasani amevaa nguo za kanisani.

Wakati huo kulikuwa na gazeti dogo, likichapwa Bukoba kwa herufi kubwa kwa ajili ya wasomaji wapya. Lilishushwa na basi pale Muleba, na Damian ndiye aliyelifuata. Alipoona kwamba linapokea habari kutoka vijijini, akatuma. Ya kwanza ilikuwa ya mistari minne tu, juu ya wadudu wa kahawa, na chini yake jina lake: D. Ndyamukama, Kagoma. Baadaye alituma habari ya kina mama waliochimba njia ya kwenda kisimani, na akawataja majina. Gazeti lile lilipita mikono mingi mpaka pale penye majina karatasi ikatoboka. Damian hakulipwa chochote kwa kazi hiyo, wala hakuuliza. Mkewe Celina alisema mumewe hutembea tofauti siku ya basi la gazeti.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Sehemu kubwa ya Kagoma haikuguswa, kwa kuwa nyumba zilikuwa zimeshikana tayari. Lakini nyumba chache za ng'ambo ya kijito zilitakiwa ziondoke, zikajengwe upya kandokando ya barabara, kwenye rweya, ile mbuga ya majani matupu ambako tangu enzi watu walilisha ng'ombe tu. Nyumba ya Ma Anatolia ilikuwa mojawapo.

Alikuja kwa Damian kabla ya darasa.

"Mwalimu, andika."

"Niandike nini, Ma Anatolia?"

"Hawa wakubwa hawajui. Mgomba haukubali kwenye rweya mpaka umwage samadi miaka na miaka. Na marehemu nitamwacha na nani? Andika waitu, nakusihi. Wakisoma, watajua."

Damian alijua kwamba katibu kata, aliyeileta amri, aliyaona hayo kwa macho yake, na alizaliwa humu humu kwenye migomba. Lakini ni yeye Damian aliyekuwa akiwaambia watu, siku zote, kwamba jambo likiandikwa linafika mbali. Angemjibu nini sasa?

Akaandika. Aliandika juu ya udongo wa rweya, juu ya makaburi, juu ya mjane mwenye migomba iliyopandwa na mama mkwe wake. Hakutukana mtu. Celina alikuwa anaanua kahawa mkekani, akamuuliza, "Na wasipoipenda?"

"Basi hawataichapa," alisema Damian. Hakuwaza kwamba kuna njia nyingine.

Mgambo walifika kabla ya gazeti. Waliezua nyumba mchana kweupe, kwa utaratibu tu, mmoja wao akiomba radhi kila aliposhusha fungu la nyasi. Ma Anatolia alivuka kijito na mlango kichwani, kwa sababu ulikuwa wa mbao na marehemu ndiye aliyeuchonga. Damian alimbebea sufuria.

Gazeti lilipokuja, Damian alilisoma akiwa amesimama kando ya barabara pale Muleba, akarudi nalo kwa miguu, na darasani hakulitoa. Lakini Ma Anatolia alikuwa na lake. Dereva mmoja alimletea, maana jina lake lilikuwamo.

Akasimama mbele ya wenzake, akaweka kidole chini ya maneno, akasoma, silabi kwa silabi:

"Wa-na-nchi wa Ka-go-ma wa-ha-mi-a ki-ji-ji-ni kwa fu-ra-ha." Akaendelea. "Ma-ma A-na-to-li-a Ko-ku-ba-nza, mja-ne, a-me-shu-ku-ru..."

Akarudi mwanzo wa mstari, akasoma tena polepole zaidi. Kisha akamgeukia Damian.

"Mwalimu, nisaidie. Hapa nimesoma vibaya."

Hakuwa anamsuta. Aliamini kabisa kwamba kosa ni la macho yake. Na jina la Damian lilikuwa pale chini ya habari kama siku zote.

"Umesoma vizuri, Ma Anatolia," Damian alisema.

"Mimi nilishukuru?"

"Hukushukuru."

"Wewe uliandika hivi?"

"Hapana."

"Sasa kaandika nani?"

Ma Anatolia alilikunja gazeti, akaketi mahali pake, akasubiri somo lianze.

Wiki ile Damian alipanda basi hadi Bukoba. Kwenye chumba cha gazeti alimkuta kijana mmoja mpole, Privatus Kamugisha, aliyemvutia kiti na kumwagizia chai.

"Ndugu Ndyamukama, habari yako ilikuwa nzuri sana," alisema Privatus. "Ndiyo maana tuliitengeneza. Mbaya tunatupa."

"Mmeandika kwamba yule mama ameshukuru."

"Gazeti hili linasomwa na vijiji ambavyo bado havijahama. Ungetaka tuwatie hofu?"

"Mimi sikuwaandikia hao. Niliandika ili wakubwa wajue."

Privatus alitazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Wanajua, ndugu yangu. Wewe ulidhani hawajui?" Akamsogezea sukari. "Na mimi siandiki ninachotaka. Kunywa chai, basi lako linaondoka saa nane."

Damian aliinywa. Baadaye hilo ndilo alilojilaumia zaidi, kwamba aliinywa chai yote na kusema asante.

Hakutuma habari tena. Ubaoni akawa anaandika habari za mvua. Migomba iliyopandwa kwenye rweya ilitoa majani ya manjano, ikasinyaa, na mlango wa Ma Anatolia ulikuwa bado umeegemezwa nje ya kibanda chake cha nyasi. Wanafunzi wengine waliacha, lakini Ma Anatolia alizidi kuja, na mwaka uliofuata alifaulu mtihani wa kisomo. Siku chache baada ya hapo alimpa Damian karatasi aliyoiandika peke yake. Herufi zilipanda na kushuka: *Mimi Anatolia Kokubanza wa Kagoma sikushukuru. Mlango wangu hauna nyumba.*

"Ipeleke gazetini," alisema. "Waliniandika kwa makosa. Wasahihishe."

Damian alitaka kumweleza kwamba hayakuwa makosa. Alifungua mdomo, akaona jinsi alivyomtazama, akaipokea. Aliipeleka posta ya Muleba, akanunua stempu, akaitumbukiza.

Basi lilipoleta gazeti, Ma Anatolia alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, hata bei za pamba za mikoa mingine, kidole chini ya maneno.

"Wiki hii bado," alisema.

Akaandika nyingine. Damian akaipeleka hiyo pia. Kwa muda wote gazeti lile lilipoendelea kutoka, hivyo ndivyo walivyofanya, yeye akiandika na Damian akipeleka posta. Katika Kagoma yote hapakuwa na mtu aliyesoma vizuri kama yule mama.