Boke Alibaki Ng'ambo

Miaka ile ya hamsini, Waingereza wakitawala pande zote mbili, mpaka wa Sirari haukutuzuia lolote. Siku ya soko niliwapa wadogo zangu wawili uji, nikawaacha kwa jirani, nikajitwika kapu la unga wa wimbi kumpelekea mama mdogo Ghati, aliyeolewa upande wa Kenya. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alifariki akimzaa Boke, nami nikaacha shule nikiwa darasa la tatu. Mama mdogo alikuwa na mwanawe mchanga, Mwita, akamchukua na Boke, akawanyonyesha wote wawili. Unga wangu ulikuwa wa kumwongezea maziwa.

Kila nilipofika nilimpakata Boke. Kila mara alilia, akageuza uso kumtafuta mama mdogo.

"Usimbane hivyo, Robi," mama mdogo alicheka siku hiyo pale sokoni. "Anakuona kama mwizi wa mbuzi."

Wanawake wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwonea wivu kifua chake, sauti yake, hata jasho lake lililomtuliza mdogo wangu. Nilijiambia: akishaachishwa ziwa tu, anarudi nyumbani.

Nilikuwa bado nimempakata yowe lilipopigwa upande wa mnada wa ng'ombe.

Vijana wa ukoo wetu na wa ukoo alikoolewa mama mdogo walikuwa wakishutumiana wizi wa ng'ombe tangu mavuno. Sasa mmoja alikuwa chini, mkuki ubavuni.

Watu wakakimbia, kila mtu upande wake.

Mshale ulimpiga muuza vyungu mbele yangu. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka.

Mama mdogo alikuwa ng'ambo ya njia, Mwita mgongoni, mikono ameinyoosha.

"Mlete! Kwako atanyonya nini?"

Nilimpa.

Mapigano yaliendelea hadi masika. Nyumba zilichomwa kwetu na kwao. Nililala na wadogo zangu kwenye vichaka, nikiwaziba midomo wakikohoa. Serikali ilipoleta askari, mishale ikanyamaza, lakini wazee wetu wakala kiapo: mtu asiuze wala asinunue kwa watu wale. Si nafaka, si ng'ombe, si chumvi. Atakayevunja atatengwa yeye na nyumba yake.

Wimbi letu lilijaa ghalani. Lao lilikuwa limeungua shambani. Mavuno mengine yakaja, na marufuku ikawa palepale. Jioni nilitazama moshi wao ng'ambo ya bonde. Katika moshi ule mtu mwingine alikuwa akimfundisha mdogo wangu kusema.

Hatimaye wazee wakaitisha mkutano kuamua kama marufuku iondolewe. Wankuru, aliyefiwa na mumewe vitani, alisimama wa kwanza.

"Mume wangu yuko kaburini. Mnataka kuwauzia wimbi hao waliomlaza humo?"



"Njaa itawafundisha," akasema mzee Nyamhanga, aliyeongoza mkutano. "Wakirudisha ng'ombe wetu, tutafungua." Kisha, kwa kuwa kwetu hapakuwa na mwanamume mzima, akanigeukia. "Nyumba yenu inasemaje?"

"Shikamoo, baba. Walioiba ng'ombe wanakunywa maziwa ya ng'ombe hao. Hawana njaa. Wenye njaa ni wale wasiopata hata ndama."

"Sema kweli," kijana mmoja akadakia. "Wewe unamtaka mtoto tu!"

"Namtaka. Wewe ulitaka ng'ombe, ukaenda na upinde. Mimi nimekuja na mdomo."

Walicheka, lakini marufuku haikuondolewa siku ile. Iliondolewa kiangazi kilichofuata.

Nilikwenda sokoni na kanga mpya ya kumbebea Boke. Mama mdogo alikuja amekonda, amemshika Boke mkono. Mgongoni hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, mama mdogo. Mwita yuko wapi?"

"Maziwa yalikauka, na uji ulikuwa haba," alisema. "Mwita alikuwa wangu, nikamwambia angoje. Huyu niliwekewa amana, nikamlisha kwanza."

Boke alijificha nyuma yake. "Mama, huyu nani?"

"Dada yako. Amekuja kukuchukua." Akamwachia mkono.

Niliutazama mkono ule uliobaki wazi.

"Nimekuja kuwasalimia tu," nikasema.

Boke alikulia kule, akaolewa kutoka kule. Siku hizi nikisikia redioni kwamba nchi fulani imefungiwa biashara miaka na miaka, na wakubwa wanabishana kama ifunguliwe, mimi nasema ifunguliwe. Swali la Wankuru sina jibu lake hadi leo. Lakini wazee wa koo zetu walipopatana walitaja waliokufa, mmoja mmoja, na Mwita hakutajwa, kwa kuwa hakupigwa mshale.

Mama mdogo alipofariki, Boke alinyoa nywele kama binti wa marehemu. Mimi nilisimama na jamaa wengine, nikamsikia akilia "Mama," na nikamwonea wivu maiti. Sijaacha. Ila nikiuweka wivu wangu upande mmoja, na Mwita upande wa pili, najua ni nyumba ipi iliyopoteza zaidi.