Nobu ya Ndaki

Ukutani kwa Mama Aneth, pale Kalangalala, kuna maneno ya rangi nyekundu ambayo marehemu mumewe, fundi Alois, aliyaandika mwaka ule walipofungua kibanda: HAPA SPEA ZA MTU HAZICHOMOLEWI. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mafundi redio wana sifa zao. Unapeleka redio inakoroma, unarudishiwa imetulia, baada ya wiki inakufa kabisa, kumbe spika yako nzuri imeshahamia kwenye redio ya mwingine. Ndiyo maana kwa mafundi wengine mteja huvuta kigoda akakaa, macho kwenye mikono ya fundi mpaka skrubu ya mwisho. Kwa Mama Aneth hakuna aliyekaa. Mtu aliacha redio yake akaenda zake sokoni.

Ufundi aliupata kwa mumewe, yeye na darasa lake la saba, kwa kumshikia risasi ya kuchomelea mpaka siku moja akaona anajua. Alois alipofariki, watu walikuja msibani wakiulizia redio zao pembeni pembeni, wakidhani kibanda kinafungwa. Aliwaambia waje Jumatatu. Jumatatu wakamkuta mezani.

Utaratibu wa mumewe hakuubadilisha hata chembe. Redio ikiingia, kipande cha boksi kinaandikwa namba mara mbili na kuchanwa katikati. Nusu inafungwa kwenye redio, nusu anaondoka nayo mwenyewe. Bila nusu hiyo redio haitoki, hata uwe padri. Na nusu isiporudi, redio inakaa.

Redio namba 212 ilikuwa imekaa tangu mwaka 2007. Ilikuwa ya Ndaki, mchimbaji, redio ya mbao ya zamani. Nobu yake, kile kidude cha kuzungusha ukitafuta stesheni, ilivunjika, naye akachonga nyingine kwa shaba ya koki ya bomba. Akaitia mistari pembeni kwa tupa, mmoja mmoja, ili kidole kisiteleze. Alois aliisifia kazi ile, na Alois hakuwa mtu wa kusifia. Ndaki aliileta redio Jumatatu, achukue Alhamisi. Jumatano duara lao, shimo la kuchimbia, likatitia, naye akiwa chini na wenzake wawili. Hawakutolewa mpaka leo. Alois akasema, iacheni juu ya rafu, nusu haijarudi.

Sasa hivi watu wanasikiliza kila kitu kwenye simu. Mama Aneth alikuwa amekaa wiki mbili bila redio hata moja mezani ndipo alipokuja Nelly, binti wa kikundi cha maigizo ya video.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Inakoroma au imezima?"

"Sina redio, Mama. Nataka bunduki."

"Umekosea mlango. Polisi ni kule."

Nelly akacheka. Akatoa kwenye mfuko bomba la plastiki lililofungwa mpini wa mbao. Wanatengeneza igizo la watu wanaotoka kwenye nyota kuja kuiba dhahabu, akasema, na bunduki yao inapiga mwanga. "Umbo tunalo. Lakini iko tupu, kama bomba la choo. Nataka iwe na vitu vitu."

"Vitu gani?"

"Swichi, nyaya, mapezi. Mtu akiiona aamini inafanya kazi."

"Wewe hao watu wa nyota umeshawaona?"

"Bado."

"Basi usiniharakishe."

Aliikubali kazi ile kwa sababu mikono ilikuwa inamwasha. Akatafuta kwenye debe la mabovu yake mwenyewe: mapezi ya alumini ya kupozea amplifaya, kipande cha antena, swichi tatu. Hakubandika ovyo. Kila kifaa alikiweka kwanza kwa mkanda wa karatasi, akaisimamisha bunduki dirishani, akaiangalia kwa mbali, akakihamisha. Bomba ni duara na vifaa vina mgongo bapa, kwa hiyo alilizungushia bomba msasa, makali juu, akasugua mgongo wa kila kifaa hapo hapo mpaka ukachukua mviringo na kukaa bila kuacha mwanya. Mahali pa gundi alipakwaruza, maana gundi ikishika rangi tu, kitu kinadondoka na rangi yake. Kwa siku nne alikuwa anaimba, na Mama Blessing wa mbogamboga jirani akamuuliza kama ameposwa.

Siku ya tano Nelly akaja kutazama. Akaizungusha bunduki, akaridhika, kisha akaweka kidole ubavuni, juu ya mpini. "Hapa pana kipara, Mama."

Mama Aneth naye alikuwa ameshapaona. Alikuwa amejaribisha vitu sita, vyote vinakaa kama jino la bandia.

Nelly akainua macho. "Na kile cha shaba kule juu?"

"Kile ni cha mtu."

"Mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Alikufa."

"Basi hatakasirika. Nami nitakirudisha, si ni wiki mbili tu?"

Mama Aneth alisema hapana. Nelly alipoondoka, akapanda kwenye kiti akaishusha namba 212, aione tu. Akaivuta nobu kwenye kijiti inachokalia, ikatoka kwa urahisi. Akaiweka pale penye kipara. Bunduki ikawa bunduki.

Akajiambia ataifunga kwa skrubu, aje aifungue. Skrubu ikaingia, lakini nobu ikawa inacheza, maana mgongo wake ni bapa na bomba ni duara. Akausugua mgongo kidogo kwenye msasa. Bado ikacheza. Na kazi ya Mama Aneth haichezi. Akachukua gundi ya mirija miwili, akaichanganya, akaijaza kwenye tundu la shaba na mgongoni, akakandamiza mpaka ikakamata. Kisha akapaka rangi nyeusi bunduki nzima, na nobu ikiwemo, akaikwangua kwenye kingo ionekane imeshapigana vita. Hakuna aliyemlazimisha.

Mwezi uliofuata, asubuhi, akasimama mlangoni mwanamke mwenye khanga ya safari. "Mwangaluka, mayu," akaamkia kwa kilugha, habari za asubuhi, mama. "Mimi Euphrasia, natoka Ushirombo. Nilikuwa mke wa Ndaki."

Akaweka mezani nusu ya boksi. 212.

Koti la Ndaki alirithishwa mdogo wake, Euphrasia akaeleza, na mdogo mtu amefariki juzi juzi, koti likarudi. Alipofumua bitana akakuta kile kipande. "Mwezi huu tunalijengea kaburi lake. Ndani hamna mtu, unajua. Wanangu wanataka tuweke kitu chake. Nikawaambia kuna ile nobu. Aliichonga wiki mbili nzima, nami nimekaa pembeni namcheka. Redio yenyewe, mayu, ukitaka baki nayo."

Mama Aneth akaiokota ile nusu, akaisoma namba. Mama Blessing, aliyekuja kuazima kiberiti, hakuondoka.

"Nipe saa moja," Mama Aneth akasema, akampigia Nelly simu.

Bunduki ikaja. Euphrasia aliishika akaigeuza geuza, hakuelewa, mpaka Mama Aneth alipomwonyesha kwa kidole. Akaishusha redio, akaeleza yote, hakupunguza. Akajaribu kuivuta nobu, ikagoma. Akaipasha kwa bisibisi ya moto, ikagoma. Gundi yake ilikuwa imeshika vizuri kuliko alivyotaka. Mwishoni akachukua msumeno akalikata bomba, nobu ikatoka na kipande cha plastiki mgongoni, nyeusi, tundu limeziba, mistari ya tupa imejaa rangi.

"Nitaisafisha," akasema. "Nipe siku tatu."

"Huu mgongo umeliwa na nini?"

"Niliusugua. Ili ukae."

Euphrasia aliipima kiganjani, kisha akairudisha mezani taratibu. "Mwaka mzima watu walikufukua wakikuta mwamba," akasema, kama anaongea na mumewe, "halafu unakuja kukatwa na msumeno hapa."

Akainua macho akasoma ukuta, herufi kwa herufi, kwa sauti. Akaikumbatia redio isiyo na nobu, akatoka. Nobu na nusu ya boksi akaviacha mezani.

Nelly akanong'ona, "Mama, nisamehe."

"Wewe hukushika gundi," Mama Aneth akasema. "Nenda."

Jumamosi yake Mama Blessing alileta redio yake ndogo ya sokoni, iliyopita mikononi mwa Mama Aneth mara nyingi kwa miaka kumi na mitano. Inakata kata, akasema. Mama Aneth akaipokea, akaandika namba kwenye boksi mara mbili, akachana, akampa nusu.

Mama Blessing akaipokea, akaitia kwenye khanga. Kisha akatazama huku na huku, akavuta kigoda kutoka chini ya meza, akakaa.

"Leo sina haraka," akasema. "Wewe fungua tu."

Mama Aneth akachukua bisibisi. Akaanza skrubu ya kwanza, akiiweka kila moja mezani mahali inapoonekana.