Habari Isiyo Yangu

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na sioni haya kulisema. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na mwalimu akinyamaza darasani, watoto wanapanda juu ya meza. Kwa hiyo nilipoacha chaki na kuingia klabu yetu ya huduma, kilichonivuta hakikuwa salongo. Kufagia soko na kuzibua mifereji kila Jumamosi asubuhi, mgongo unalia, nani anapenda? Nilipenda saa ya habari.

Saa ya habari iko hivi. Salongo ikiisha tunanawa, tunaketi uani kwa mama prezida, mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia hapa mtaani kwetu Nyakasanza, naye anatuongoza kama anavyoongoza duka lake, bila mchezo. Chai inakuja na mandazi. Kila mmoja anasimama na kusema jambo moja lililompata juma hilo: mbuzi amezaa mapacha, jino limeng'olewa, mkwe ametua na mizigo bila kumjulisha mtu. Tukishasikia tunampigia bani, yale makofi yetu ya mpango: pa-pa, pa-pa-pa, pa! Na sheria ni moja tu, kila mtu abebe habari yake mwenyewe. Ya jirani ni ya jirani, hata ikikuwasha ulimi.

Sheria hiyo niliivunja mimi. Na niliivunja juu ya mke wangu, ambaye naye ni mwanachama, tena aliingia kabla yangu.

Mke wangu ni mtu wa Mahagi, binti wa wavuvi. Hakusoma. Jioni zote nilizokaa mezani nikisahihisha daftari za watoto wa watu, yeye alikuwa upande wa pili akichambua maharagi, na sikumwambia hata siku moja, njoo nikuonyeshe. Naona haya kuliandika jambo hilo. Basi siku moja natafuta miwani yangu chini ya godoro, usiniulize ilifikaje huko, nikakuta daftari. Herufi kubwa kubwa, ukurasa baada ya ukurasa. Kumbe miezi minne aliyokuwa akiniaga kwamba anaenda maombi, alikuwa anaenda kusoma na mama wengine pale paroki!

Nilifurahi. Kweli nilifurahi. Lakini furaha yangu haijui kukaa tumboni, na Jumamosi ilipofika nilisimama kabla ya watu wote.

"Wapendwa," nikasema, "miaka yote nimefundisha, kumbe mwanafunzi wangu wa mwisho ninalala naye kitanda kimoja! Mama huyu anasoma a, e, i, o, u kule paroki. Mukimuona na kalamu, mukimbie!"

Ee, walicheka! Muuza dawa, anayeketi karibu nami siku zote, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Nikapigiwa bani mara mbili. Mimi, siyo yeye. Nilipogeuka nikamwona mke wangu ameshika karatasi, anaikunja, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama karanga. Alikuwa amejipanga kusimama na kuwasomea. Zamu yake ilipofika alisema, "Kwangu salama tu," akaketi.

Nyumbani nikamwambia ulikuwa mzaha. Akanijibu, "Weye uko na maneno yote ya dunia. Mimi nilikuwa na moja tu, na ile moja ukaikamata." Mtu mwenye akili angeomba msamaha hapo hapo. Mimi nikamwambia asikuze mambo. Jumatatu akapanda gari la Mahagi kwenda kwa dada yake, na hakusema atarudi lini.

Ndipo nikaanza kudanganya. Jumamosi ya kwanza nikasema yuko shambani. Ya pili, amepata wageni. Ya tatu mama prezida akanikazia macho: "Mwalimu, mama iko wapi?" Nikababaika, nikasema, "Iko na kikohozi."

Ole wangu! Likitajwa neno ugonjwa katika klabu yetu, kesho yake wote tunafika kwa mgonjwa na kuni, maji na uji. Hakuna anayesamehewa kwenda. Na mwenye kuleta wazo hilo nilikuwa mimi mwenyewe, tena nilipigiwa bani kwa ajili yake.

Jumapili baada ya misa nilikuwa jikoni napambana na bugali iliyoshika chini ya sufuria. Nikasikia nyimbo. Watu kumi na wawili wakaingia uani, mafungu ya kuni kichwani, vidumu vya maji mkononi, muuza dawa mbele na chupa ya dawa ya kikohozi.

"Siye tumekuja kuona mugonjwa," akasema mama prezida.

"Amelala."

"Tutamuimbia polepole."

Wakajipanga chini ya dirisha la chumba chetu, wakaimba beti tatu. Hakuna kitanda kitupu kilichowahi kuimbiwa vizuri namna ile. Mimi nimesimama na mwiko, jasho linanitiririka mpaka ndani ya viatu. Wimbo ulipoisha mama prezida akatoa simu, akabonyeza, akaiweka kwa sauti kubwa ili wote tusikie.

"Alo, mugonjwa," akasema. "Kikohozi iko namna gani?"

"Kikohozi gani, mama?" Sauti ya mke wangu ikajaa uani. "Mimi niko huku Mahagi, ninakula samaki."

Kumbe walijua tangu jana! Mama prezida alikuwa amempigia kumuuliza anataka uji wa mahindi au wa mtama, na yote yakatoka. Hata hivyo walibeba kuni zile zote, wakavuka mtaa mzima wakiimba, ili tu wanione nikitoka jasho. Watu hao! Muuza dawa alikuwa ameketi chini kabisa, anafuta machozi kwa shati.

Nilitaka kukasirika. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Lakini mama prezida alinisogezea simu mdomoni, na yeye hakuwa anacheka. "Mwalimu," akasema, "leo siyo Jumamosi, lakini sema habari yako. Yako weye, siyo ya mutu mwingine."

Ndoa yetu imezeeka na sikuwahi kulisema neno la kuomba msamaha. Ulimi wangu, ambao unaweza kueleza mto Kongo kutoka chanzo mpaka baharini bila kupumzika, ulikwama. Bugali iliendelea kuungua nyuma yangu. Mwishowe nikasema, "Habari yangu ni kwamba nilimwibia mke wangu habari yake. Na kabla ya hapo, miaka yote, nilimnyima kalamu. Nisamehe, mama. Nyumba hii bila weye inanishinda."

Hakuna aliyepiga bani. Mke wangu akakata simu.

Siku tatu sikula vizuri, wala sikumkaripia mtu, hata wale vijana wa pikipiki wanaopita mlangoni kwangu kwa fujo. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba amezoea kule. Siku ya nne dereva wa gari la samaki akanipigia hodi, akanipa bahasha yenye harufu ya mzigo wake. Ndani mlikuwa na karatasi moja:

"Nimesikia. Nitakuja Jumatatu. Usiambie mutu. Nitawaambia mwenyewe."

Nikaisoma nimesimama. Nikaisoma nimeketi. Ilikuwa barua ya kwanza mke wangu kuniandikia, na mimi mzee mzima nikalia jikoni kama mtoto aliyepokonywa andazi.

Jumamosi nilikwenda nayo kwenye mfuko wa shati. Zamu yangu ilipofika wote wakanitazama kwa huruma, na muuza dawa akainamisha kichwa. Wallahi, sijawahi kuwa na habari tamu kama ile, na ilinipanda mpaka kooni.

"Mwalimu?" akauliza mama prezida taratibu. "Habari yako?"

"Leo nitanyamaza," nikasema, nikaketi.

Muuza dawa akanishika bega. Mama mmoja akanifungia bakuli la maharagi ya kwenda nayo nyumbani, maharagi ya mtu aliyeachwa. Nikayapokea kwa mikono miwili, nikasema aksanti, na sikuongeza neno.