Kimya cha Umwali

Pale Mushaki, kwenye vilima vya Masisi, aliyetaka jibini isiyopasuka njiani alimwendea Élisabeth Mukagasana. Kila asubuhi mumewe, Nzabonimpa, alishusha maziwa kutoka malishoni, naye Élisabeth akayapasha moto na kuyagandisha, jicho moja likiwa kwenye sufuria na la pili kwa binti yao, Umwali.

Umwali alikuwa akisomea ualimu Goma alipoanza kusikia watu wasioonekana wakimteta. Wazazi wake walimrudisha nyumbani. Kanisani aliombewa, majirani wakanong'ona kwamba amerogwa, na mwishowe Élisabeth akampeleka kituo cha afya kwa Jeannette, muuguzi aliyefundishwa magonjwa ya akili. Jeannette akautaja ugonjwa kwa jina, skizofrenia, akatoa vidonge.

Zile sauti zikanyamaza. Lakini Umwali naye alinyamaza pamoja nazo. Alishinda mlangoni, mikono mapajani, na akiulizwa kama anataka viazi au ugali alikutazama kana kwamba umemuuliza mtu mwingine. Mama mtu alijikuta akiutamani hata ugomvi wa zamani, wakati binti huyo alipokuwa akimjibu kwa ukali.

Kisha vita vikaifunga barabara ya Sake, njia ya kwenda Goma. Vidonge vikaanza kupungua, na Jeannette akapanda pikipiki kwenda Masisi mjini kutafuta vingine. Kabla hajarudi, kaka yake Élisabeth, Mbonigaba, akafika kwa miguu kutoka Goma, viatu vimejaa tope, na kichupa mfukoni.

"Dada, hii inaitwa D-serine," alisema. "Nimeiona mu telefone. Banasema muntu wa ugonjwa kama wa Umwali, ubongo wake unakosa hii kitu. Hata ile kunyamaza inaisha."

"Muganga wa hospitali anaijua?"

"Ni waganga wenyewe njo banaisema!"

Élisabeth alikizungushazungusha kichupa kile. Hakuwa mjinga, alijua kwamba alipaswa kumngoja Jeannette. Lakini barabara ilikuwa imefungwa, vidonge vilikuwa vinakwisha, na maneno yale, hata ile kunyamaza, yalikuwa yamemwingia moyoni na hayakutoka. Akaamua kumpa Umwali dawa ya Mbonigaba na kuvitunza vile vidonge vichache vilivyobaki. Nzabonimpa hakuambiwa.

Mwanzoni moyo wa Élisabeth uliruka kwa furaha. Umwali aliamka mapema, akaenda kuchota maji bila kutumwa. Halafu akaanza kufunga dirisha mchana kweupe. Halafu akakataa kula chakula alichopika mama yake. Élisabeth aliona, akajiambia labda dawa ndiyo kwanza inafanya kazi, na usingizi ukamkimbia.

Asubuhi moja aliinua macho kutoka kwenye sufuria, akakuta mlangoni hakuna mtu.

Aliyaacha maziwa motoni. Alikimbilia mtoni, hakumwona. Akakimbilia barabarani, akawauliza wauza viazi, nao hawakumwona. Kule chini kulikuwa na kizuizi cha wenye bunduki, na alipofikiria binti yake akiwaendea huku akijibizana na watu wasioonekana, aliongeza mbio. Akawa anaita jina lake ovyo.

Nzabonimpa ndiye aliyempungia mkono kutoka juu ya kilima. Umwali alikuwa amesimama katikati ya ng'ombe, amebana masikio kwa viganja, na baba yake amesimama mbali kidogo, akiogopa kusogea.

"Umwali, mwanangu. Ni miye."

"Mama, uwaambie banyamaze! Banasema unanipa sumu."

Élisabeth alikaa kwenye majani mabichi, akangoja, na baada ya muda mrefu Umwali akaja kukaa karibu yake, bado amebana masikio.

Wakamshusha taratibu. Nyumbani Élisabeth akavitoa vile vidonge vya zamani, akamweleza mumewe yote. Nzabonimpa alitazama kando. "Ungeniambia," akasema, basi.

Jeannette aliporudi na dawa, walimfuata kituoni; alimwona Umwali kwanza, kisha akakishika kile kichupa bila kukasirika.

"Mama Élisabeth, mu ubongo kuko kama mulango," alisema. "Ili ufunguke, vitu viwili vinapaswa kufika pamoja. Kimoja ni hii D-serine. Mulango ule unasaidia muntu kukumbuka, kujifunza, kusikia hamu ya kitu. Kwa wagonjwa wengine, D-serine iko kidogo. Kaka yako hakudanganya."

"Sasa mbona..."

"Waganga beko banaijaribu bado. Banaiongeza juu ya dawa, hapana kuiweka mahali pa dawa. Kuna wenye ilisaidia, kuna wenye haikusaidia kitu. Na ikipita kipimo, kuna hofu ya figo. Tena hii ya mu chupa, nani anajua kama njo yenyewe?"

Élisabeth alikunja ncha ya kitenge chake. Lililomsumbua lilikuwa jingine.

"Kama anaikosa, ni miye? Nilimunyima chakula gani akiwa mutoto?"

"Hapana, Mama! Ubongo njo unajitengenezea hii D-serine. Haitoke mu sahani yako, na haitoke kwa mulozi mwenye kuroga."

Hapo ndipo Élisabeth alipolia, kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine.

Sauti zilipungua polepole. Safari hii Jeannette alipunguza kidogo kipimo cha vidonge ili usingizi usimlemee sana Umwali, akashauri apewe kazi nyepesi ya mikono. Sasa Umwali hugeuza jibini kwenye mbao, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kimya hakijamtoka. Élisabeth anaweka vidonge vya akiba mahali pawili, na kila uvumi wa mapigano barabarani humfanya avihesabu upya.

Juzi aliona midomo ya Umwali ikichezacheza juu ya jibini. Akaiacha sufuria, akamsogelea.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

Umwali aligeuka taratibu. "Na miye mwenyewe, Mama. Nisisahau zenye nimegeuza."

Élisabeth aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye sufuria yake. Lakini sikio aliliacha kule kwenye mbao, likisikiliza.