Kokwa Tano Chini ya Chujio

Mashine ya kuoshea vyombo haikuwashwa tangu Munther azikwe. Siku ya arobaini, wageni walipoondoka, Wijdan alipanga sahani ndani yake, akabonyeza kitufe, akarudi mezani kwa wifi yake, Rudayna. Mashine ilinguruma vizuri mpaka ilipofika wakati wa kumwaga maji. Hapo ikagonga mara tatu, ikanyamaza.

Wijdan alisisimkwa mwili. Hivyo ndivyo marehemu mumewe, Munther, alivyogonga meza kwa kidole alipotaka mkate.

"Umesikia?" Rudayna alinong'ona. "Anakuita, Mama Laith. Hajaridhika."

Hakuhitaji kueleza. Matanga yote aliwaambia wanawake kwamba kaka yake aliuawa na presha, na presha ililetwa na chumvi ya mkewe. Wijdan alikumbuka vizuri kwamba tangu daktari alipokataza, miaka mitatu sasa, chumvi haikuingia chunguni mwake, wala zeituni, ambazo hulowekwa kwa chumvi, hazikuingia nyumbani. Lakini maneno yakirudiwa sana humla mtu. Usiku alijiuliza: au ni chumvi iliyokuwa kwenye jibini? Au kweli nilimuua?

Aliwasha tena. Ikagonga tatu, ikanyamaza.

Alichomoa waya ukutani, akapiga magoti.

"Na wewe umekuwa fundi lini?" Rudayna aliuliza.

"Tangu fundi wa mwisho alipokuja na bisibisi moja na hadithi kumi."

Mpira wa maji machafu haukujikunja. Sakafuni mwa mashine maji yalituama, naye akayachota kwa kikombe cha kahawa. Kisha akashika chujio. Lilikuwa linacheza, aliyeliosha mara ya mwisho hakulikaza. Na aliyeliosha siku zote ni Munther. Tangu wainunue mashine hiyo, mwaka mmoja baada ya daktari kukataza, hakumruhusu mkewe aiguse. "Pumzika wewe, umeshapika," alikuwa akisema, naye Wijdan aliwasimulia majirani kwa fahari.

Alilitoa chujio, akaingiza vidole kwenye shimo la pampu. Pale penye kipangaboi cha kusukumia maji palikuwa na kitu kigumu. Akakitoa, kisha kingine. Aliviweka mezani vyote vitano.

Kokwa za zeituni.

Kumbe ule wema wa kila mchana ulikuwa wa kuficha kokwa hizi.

"Nani alimletea?" Wijdan aliuliza, kisha akainua macho. Uso wa Rudayna ulikuwa umekwisha kujibu.

"Alinibembeleza," Rudayna alisema. "Kila Alhamisi, ukiwa sokoni. Za mti wetu wa kule kwetu Ajloun. Kaka yangu wa pekee, ningemnyima?"

"Na mimi ukaniita muuaji mbele ya watu."

"Nilidhani kidogo hazidhuru..."

"Hukudhani. Ungedhani hivyo, usingengoja niende sokoni." Wijdan hakupaza sauti. "Ijumaa utawaita walewale wanawake, uwaambie kwa mdomo uleule."

Rudayna alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka.

Wijdan alikaza chujio, akachomeka waya, akawasha. Safari hii maji yalitoka moja kwa moja, bila kugonga.

"Imeacha," alisema.

Rudayna alikuwa amegeuza shingo kuelekea mashine, pumzi ameibana, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Nyamaza kidogo, Mama Laith," alisema. "Wewe husikii anavyogonga?"