Jamvi la Wifi

Mume wangu alipopandwa na presha, nesi wa Wete alimwambia mbele yangu, "Mzee, chumvi basi. Ukiendelea nayo utaanguka."  Nyumbani akaonja muhogo usio na chumvi, akaisukuma sahani.

"Bora nianguke."

Mimi sikutaka aanguke. Nimekaa naye tangu sijajua kukuna nazi vizuri, nishamzoea.

Nikaamua kumtengenezea kiungo cha kumsahaulisha chumvi. Nikachuma mrehani na mchaichai uani, nikakata kotmiri, nikachanachana maganda ya ndimu, na kitunguu thomu nikakikata vipande vyembamba. Vitu hivyo vyataka jua la siku tatu. Lakini ulikuwa msimu wa karafuu, na majamvi yangu yote yamelaliwa na karafuu, hata lile la wageni. Nikaenda kuazima kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeolewa kwa wavuvi. Jina lake nalijua, na la bibi yake mzaa bibi, ila nimemuahidi simtaji. Akanipa jamvi moja, nikalikung'uta, nikaanika.

Vilipokauka nikavitwanga kinuni na pilipili manga, nikachunga, nikatia chupani. Mzee akanyunyiza kwenye mchuzi. Akaonja. Akaongeza.

"Bibi wee, leo umetia chumvi."

"Wallahi sijatia."

"Basi Mungu akupe umri mrefu."

Mwezi mzima alikula hivyo. Hata harusini alikwenda na chupa yake mfukoni mwa kanzu. Tuliporudi kwa nesi, presha imepanda zaidi. Nesi akanitazama mimi, si yeye.

"Bibi, chumvi mmeacha kweli?"

Nikaapa tena. Mzee akasingizia kilima tulichopanda.

Nilirudi nyumbani roho haipo. Uani nikamkuta paka analiramba jamvi la wifi, ambalo bado sijalirudisha, macho kayafumba kwa raha. Jamvi lina nini? Nikapiga magoti, nikaramba na mimi. Na wifi naye akachagua saa hiyo hiyo kuja kunitembelea.

"He! Wifi! Njaa imekufikisha huku?"

"Hebu niambie, jamvi lako hili waanikia nini?"

"Dagaa. Wakitoka kuchemshwa na chumvi, hapo ndipo kwao. Hilo lina miaka mingi kuliko kitinda mimba wangu."

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Kisha mimi nikalia kidogo, maana ningemuua mzee kwa mkono wangu, na kiapo juu.

Kiungo cha pili nikakianika kwenye sinia. Mzee akaonja, akafikiri.

"Kimepungua kitu."

"Kimepungua kifo. Kula."

Akala. Presha ikashuka, alhamdulillahi. Ila tangu siku nilipomsimulia habari ya jamvi amekuwa na mapenzi makubwa na dada yake, kila Ijumaa ataka kwenda kumjulia hali. Simkatazi, ni damu yake. Mimi humtangulia tu, mimi na wifi tukalikunja lile jamvi, tukalipandisha darini.