Madrid ni Majani Matatu

Saa kumi na moja alfajiri, mvua inapiga mabati ya soko la Belén mjini Iquitos, Peru, na Zulmira Tapullima hatulii. Anafunga juane moja, anainuka kutazama mawingu, anarudi kuketi, anainuka tena.

"Viatu vitakuishia kabla hujafika uwanja wa ndege," anamtania Nelita Ahuanari, jirani yake wa meza. "Kaa chini, mwenzangu."

Zulmira hakai. Ndege yake ya Lima inaondoka saa nne asubuhi, mvua ikiruhusu. Ana miaka hamsini na nane na hajawahi kupanda ndege. Huko Madrid, binti yake Keyla ameshikwa na uchungu tangu usiku.

Kwa zaidi ya miaka ishirini mama huyu amewalisha wasafiri. Iquitos haina barabara ya kwenda Lima. Ni mto au ndege. Wanaopanda ndege hupita kwanza kwake kuchukua juane, wali na kuku vilivyofungwa kwenye majani ya bijao vikachemshwa. Anayekula mchana huu hufungiwa jani moja. Anayekaa njiani hufungiwa matatu, na wali wake huwa mkavu zaidi.

Hakuyajua hayo tangu mwanzo. Keyla alipohamia Madrid, mama alisikia kwamba Lima ni chini ya saa mbili kwa ndege, akamfungia jani moja. Hakufikiria kwamba binti angeshinda Lima akingoja ndege ya pili. Keyla alipofungua jioni, wali ulikuwa umechacha.

"Mwanangu aliondoka nchini na njaa," anasema Zulmira. "Mpaka leo linaniuma."

Tangu siku hiyo hamuulizi mteja anakwenda wapi. Anauliza, "Lima unakaa muda gani?"

Simu inalia. Ni Keyla, anahema.

"Mama, umeshatoka?"

"Mvua, mwanangu."

"Toka Lima ni masaa kumi na mawili tu hewani. Si mbali."

"Eti 'tu'! Kilomita elfu tisa na zaidi, na mimi bado nanyeshewa Belén."

Wote wawili wanacheka kidogo, kisha Keyla anaguna kwa maumivu na simu inakatika. Zulmira anaendelea kuishikilia sikioni.

Kwao, mwanamke aliyejifungua hufungwa tumbo na mama yake, na hunyweshwa supu ya kuku kwa mkono wa mama huyo. Huko Madrid Keyla hana mwingine wa kumfanyia.

Zulmira ananigeukia mimi, mwandishi, kwa kuwa nimewahi kupanda ndege. "Hivi rubani akiombwa, hawezi kukaza mwendo?"

Namwambia hawezi.

"Basi mtoto na azaliwe mimi nikiwa hewani," anasema, akijifuta macho kwa mkono wa blauzi yake. "Ila supu ya kwanza ataipata kwangu. Nikitoka uwanjani naulizia kuku, sipitii popote."

Saa moja na nusu mvua inapungua. Bajaji inasimama mbele ya meza. Zulmira anabeba mkoba, anapanda, anashuka tena kuangalia kama amezima jiko.

Nelita anamzuia njiani. "Lima unakaa muda gani?"

Zulmira anamkodolea macho. Katika miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumuuliza yeye.

"Masaa tisa."

Nelita anatoa juane chini ya meza yake, bado ya moto, imefungwa majani matatu.